Mkia Ulikuwaje? Ndege za mizigo za vita vya Kagera, namna zinavyozeeka na namna wazee wanavyozikumbuka

Kila inapokaribia tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, baraza la baba mkubwa wangu pale Mbalizi hujaa wazee. Huja na makoti mazito, maana Julai ya Mbeya haina huruma. Wanapewa chai ya tangawizi, na chai ikishashuka vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, vinaanza upya. Karibu kila kitu wanakubaliana: njaa, matope, buti zilizokaa miguuni hadi soksi zikagandana na ngozi. Jambo moja tu huwagawa. Ndege zilizokuwa zikibeba askari na mizigo zilikuwa ndege gani?

Mmoja anasema Dakota. Mwingine anaapa ilikuwa C-130, aliiona kwa macho yake Entebbe. Wa tatu anasema Caribou, wa nne Buffalo. Baba mkubwa alikuwa fundi wa ndege jeshini, na hakufyatua risasi hata moja vita vile vyote. Huwaacha wamalize, kisha huuliza swali lake la kila mwaka: "Mkia ulikuwaje?"

Zamani nilidhani ni namna yake ya kuahirisha ugomvi. Baadaye nilipoanza kumuuliza maswali ya maana, nikaelewa kwamba ndani ya swali lile kuna jibu la mambo mawili ambayo watu huyachanganya: ndege zipi hasa zilikuwepo, na kwa nini leo hazionekani, wakati nchi nyingine zinarusha ndege zenye umri wa babu zetu.

Tuanze na majina. JWTZ lilianzishwa Septemba 1964, na mwanzoni Ujerumani Magharibi ndiyo iliyokuwa ikisaidia kujenga kikosi cha anga. Mwaka 1965 urafiki huo ukavunjika kwa sababu ya Ujerumani Mashariki, ambayo Zanzibar ilikuwa imeitambua. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ikaondoa wataalamu wake wa kijeshi, na Mwalimu Nyerere akakataa kubembeleza. Canada ikachukua nafasi, ikafundisha marubani na mafundi wetu hadi 1970, na ndege zilizokuja na msaada huo zilitoka katika kiwanda cha De Havilland Canada: Otter yenye injini moja, na Caribou yenye injini mbili. Baadaye ikaja Buffalo, mdogo wake Caribou, tumbo moja. Wachina wakaja na ndege za kivita, lakini ndege ya mzigo ambayo kizazi cha baba mkubwa kiliijua kwa jina na kwa harufu ilikuwa ya Canada.

C-130 je? Mzee anayeapa kwamba aliiona Entebbe hasemi uongo. Tarehe 7 Aprili 1979, siku uwanja ule ulipotekwa, C-130 ya Libya iliyokuwa ikijaribu kuruka ilipigwa kwa kombora la RPG ikabaki pale pale. Gaddafi alikuwa ametuma askari kumsaidia Amin, na ndege hiyo ilikuwa yao. Ndege kubwa kuliko zote alizowahi kuziona mtu, ikiwaka moto mbele yake, lazima ikae kichwani miaka yote. Miaka inavyopita inaanza kukalia nafasi ya ndege nyingine ndogo, zile zilizombeba kweli au zilizombebea rafiki yake majeruhi. Kumbukumbu hufanya hivyo: kitu cha kutisha hufukuza kitu cha kila siku.

Na Dakota ni jina la kurithi. Hapa inabidi turudi nyuma vita moja zaidi. Mwaka 1944, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika), ambao wazee wetu waliwaita Keya, walikuwa Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakiwasukuma Wajapani kulifuata bonde la Kabaw hadi Kalewa, waliyoiteka mwanzoni mwa Desemba. Batalioni ya 26 na ya 36 zilikuwa za Tanganyika. Monsuni ilikuwa imegeuza njia zote kuwa uji, lori halipiti, na chakula kikawa kinashuka kutoka angani, nyingi ya ndege hizo zikiwa Dakota. Mchele ulitupwa bila mwavuli: unafungwa katika gunia, gunia linawekwa ndani ya gunia jingine kubwa zaidi, ili la ndani likipasuka la nje lishike. Vitu vya kuvunjika vilihitaji parachuti, na parachuti za hariri hazikutosha. Jenerali William Slim, kamanda wa Jeshi la 14, akaagiza Kalkuta zishonwe parachuti za juti, uzi ule ule wa magunia, kwa gharama ndogo mno ukilinganisha na hariri. Zilifanya kazi.

Watu wa Keya waliorudi Iringa, Njombe na Rungwe walirudi na neno hilo: Dakota, ndege inayoleta chakula. Kwa watoto wao, kila ndege ya jeshi yenye injini mbili ikawa Dakota, kama vile kila sabuni ya unga ilivyoitwa kwa jina la ile ya kwanza kufika dukani. Kwa hiyo mzee wa Kagera akisema "tulipanda Dakota", mara nyingi hataji ndege. Anataja baba yake.

Ndipo swali la mkia linapoingia. Dakota ikiwa chini hukaa imeinua pua na kuburuza mkia, kwa sababu gurudumu lake la tatu liko nyuma kabisa. Mzigo huingilia mlango wa ubavuni, na anayeupakia hupanda mlima ndani ya ndege. Caribou hukaa sawasawa na ardhi, mkia wake umeinuliwa juu kama wa kuku, na chini ya mkia kuna mlango unaoshuka hadi chini ukawa daraja: gari dogo linapanda lenyewe, machela zinaingia bila kuinamishwa. Buffalo ina mlango huo huo, lakini angalia juu: ubao wa mlalo wa mkia haukai chini kama wa Caribou, umepandishwa hadi kwenye ncha kabisa, mkia ukawa herufi T. Na kama mtu hakuona mkia, baba mkubwa humuuliza sauti. Caribou hunguruma na kukohoa, ni injini ya pistoni. Buffalo hupiga mluzi, ni injini ya tabini, ile inayozungushwa na gesi ya moto.

Jaribu siku moja kumuuliza mzee hivyo. Ukimuuliza jina la ndege atakupa jina alilolisikia mara nyingi zaidi. Muulize aliingilia mlango gani, alikaa ameangalia wapi, miguu yake ilikuwa juu ya nini, harufu ilikuwa ya petroli au ya mafuta ya taa. Hapo utaona macho yanafumba, na anachokwambia baada ya hapo ni chake mwenyewe.

Kabla hatujaenda mbali, haki itendeke kwa waliokwenda kwa barabara, ambao ndio walikuwa wengi kupita kiasi. Ndege hazikulipeleka jeshi la Tanzania Uganda. Malori, mabasi yaliyochukuliwa kwa watu, treni na meli za Ziwa Victoria ndizo zilizolipeleka. Tena sisi wa nyanda za juu kusini tulikuwa na kikwazo chetu cha pekee: reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, na Reli ya Kati milimita 1,000. Behewa lililopakiwa Mbeya haliwezi kuendelea hadi Mwanza, na wakati ule hapakuwa na mahali pa kuhamishia mzigo njiani kama Kidatu ya leo. Ulishuka Dar es Salaam, ukapakia upya, ukaanza safari ya pili kuelekea ziwani. Kilo moja ya kitu cha haraka, dawa au kipuri cha mtambo, ikikwama katika mlolongo huo haina faida. Kazi ya ndege ilikuwa hiyo kilo moja. Na kurudi, ilibeba watu. Caribou moja huchukua askari 32 waliokaa, au machela 22. Baba mkubwa huitaja namba 22 kwa sauti ya chini, na sijawahi kumuuliza zaidi.

Sasa jambo la pili, lile wajukuu huwauliza: babu, ndege zenu ziko wapi?

Tunapima uzee wa gari kwa miaka, na ndege tunataka kuipima hivyo hivyo. Fundi hapimi hivyo. Chukua kipande cha waya wa senyenge, kikunje, kikunjue, kikunje tena. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya ishirini kinakatika mkononi, ingawa hukutumia nguvu zaidi ya ile ya mwanzo. Huo ndio uchovu wa metali. Bawa la ndege hukunjika kidogo juu kila linapobeba uzito na kushuka ndege inapotua. Kila dhoruba hulikunja, kila kutua kwa kishindo hulikunja. Ukuta wa mwili wa ndege zinazojazwa hewa ya shinikizo kwa ajili ya abiria nao hutanuka na kusinyaa kila safari, na ajali za ndege za abiria za Comet mwaka 1954 ndizo zilizoufundisha ulimwengu somo hilo kwa uchungu. Caribou haijazwi shinikizo, kwa hiyo mwili wake umeepuka mateso hayo. Mabawa hayajaepuka.

Kuna jambo kuhusu alumini ambalo lilinishangaza. Chuma cha pua, ukikikunja kidogo sana, chini ya kiwango fulani, unaweza kukikunja karibu milele. Alumini haina kiwango cha kuaminika namna hiyo. Kila mkunjo, hata mdogo kiasi gani, unaandikwa mahali. Ndege ya alumini ina deni ambalo halifutiki, linaongezwa tu, na kazi ya fundi ni kujua limefika wapi kabla halijadaiwa.

Ndiyo sababu saa moja ya ndege si saa moja. Tuseme ndege mbili zimetoka kiwandani siku moja. Moja inaruka juu ambako hewa imetulia, kutoka kiwanja cha lami hadi kiwanja cha lami. Nyingine inaruka chini, hewa ya mchana inaitupatupa, inashuka kwa pembe kali kwenye kiwanja cha udongo cha mita mia nne, imebeba hadi mwisho wa uwezo wake. Zote zimeandika saa 1,000 kitabuni. Mabawa ya ile ya pili huenda yamezeeka mara mbili au tatu. Wamarekani walilijua hili vizuri kwa C-130 zao. Juni 2002, C-130 iliyojengwa miaka ya 1950 na kugeuzwa ya kuzima moto ilikuwa ikimwaga dawa juu ya msitu California, mabawa yote mawili yakang'oka, na watu watatu waliokuwemo wakafa. Nyufa za uchovu zilikuwa zimejificha kwenye bati la chini ya bawa. Mwaka 2005 jeshi lao la anga likapanga C-130 zake kwa saa za kulinganisha, yaani saa halisi zikizidishwa kwa ugumu wa kazi: zilizozidi 45,000 zikasimamishwa, zilizozidi 38,000 zikawekewa masharti. Miaka haikutajwa.

Ndege za vita huzeeka haraka kwa sababu hiyo hiyo. Miezi ya vita vya Kagera, kutoka Kyaka hadi mpaka wa Sudan, haiwezi kuhesabiwa kama miezi ya kupeleka barua.

Kutu nayo ina hesabu yake, na inaendelea hata ndege ikilala. Nilipomuuliza baba mkubwa kutu ya ndege ikoje, aliniambia nikamletee sufuria kutoka jikoni, ile kuukuu ya maharage. Akaigeuza kuelekea mwanga. "Tazama chini, mwanangu." Kulikuwa na vitundu vidogo kama vya sindano, na kuzunguka kila kitundu unga mweupe. Akaupangusa kwa kidole gumba, akanionyesha kidole. Kutu ya alumini haina wekundu, ni unga huo mweupe, na chumvi ndiyo inayouita. Ndege iliyolala Dar es Salaam karibu na bahari inakula chumvi usiku na mchana. Mahali ribiti au boliti ya chuma inapokutana na bati la alumini na unyevu ukaingia kati, alumini ndiyo huliwa. Fundi anayejua kazi hapiti ndani ya ndege akitazama; hupapasa. Hutafuta rangi iliyovimba kama lengelenge. Wamarekani huzihifadhi ndege zao kwenye jangwa la Arizona kwa sababu hiyo, na ukungu wa Mbeya, kwa uzuri wake wote, usingefaa.

Milima yetu huongeza kingine. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya bahari. Kwa urefu huo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, na jua la saa nane likichoma inazidi kuwa nyepesi. Bawa linapata hewa kidogo ya kukalia, pangaboi linapata hewa kidogo ya kusukuma, injini inapata hewa kidogo ya kuchoma. Hasara zote tatu kwa pamoja. Injini changa humudu. Injini iliyochoka, ambayo Dar es Salaam ungesema haina tatizo, huku juu hujifichua. Kwa hiyo rubani aliyeingia uwanja wa zamani wa Mbeya, chini ya mlima Loleza, alitaka kuondoka alfajiri, hewa ikiwa bado baridi na nzito. Uwanja wa Songwe uliofunguliwa mwishoni mwa 2012 uko chini zaidi, na una lami ndefu ya kusamehe.

Lakini baba mkubwa hakubali kwamba Caribou ziliuawa na nyufa wala kutu. Anasema ziliuawa na plagi.

Injini ya Caribou, Pratt & Whitney R-2000, ina silinda 14 zilizopangwa kama miale ya jua, safu mbili za saba saba. Kila silinda ina plagi mbili. Plagi 28 kwa injini moja, 56 kwa ndege. Kila moja ifunguliwe, isafishwe, ipimwe, irudishwe. Na kuna kazi ya asubuhi: ndege ikilala, oili hushuka taratibu na kujaa katika silinda za chini, zile zinazotazama ardhi. Mvuke wa petroli unabanika, oili haibaniki. Ukiwasha injini hivyo, pistoni inapanda, inakutana na oili, na kitu ndani lazima kipinde au kivunjike. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, mafundi hulizungusha pangaboi kwa mikono, taratibu, panga baada ya panga, wakisikiliza kwa viganja. Likigoma, husukumi. Unasimama, unafungua plagi za chini, unaacha oili itoke. "Kijana mwenye nguvu hafai kazi hiyo," aliniambia, "anafaa kijana mwenye subira."

Halafu injini zile zinataka petroli ya ndege, ambayo viwanja vingi Afrika viliacha kuiweka kadiri ndege za tabini zilivyoenea. Hizo hunywa mafuta jamii ya mafuta ya taa. Caribou zilizotengenezwa ni 300 na kidogo tu, Buffalo 122. Dakota zilizidi 10,000. Hapo ndipo jibu lilipo la swali la wajukuu. Ndege iliyozaliwa na ndugu elfu kumi haikosi spea, na ikawa na faida kwa mtu kuitoa injini ya pistoni na kuipa ya tabini: jeshi la anga la Afrika Kusini lilifanya hivyo na kuendelea kurusha Dakota za enzi za Burma katika karne hii. Ndege yenye ndugu 122 inategemea kwanza hifadhi ya spea, kisha kuchomoa kutoka ndege iliyosimama ili kuiokoa inayoruka, kisha barua kwa mwenye michoro. Na mwenye michoro alibadilika: De Havilland Canada ilinunuliwa na Boeing mwaka 1986, ikauzwa kwa Bombardier mwaka 1992, na vyeti vya ndege za zamani vikaenda kwa Viking Air mwaka 2006. Kila hatua, fundi wa mbali aliyezoea kuandika kwa anwani moja alipaswa kuanza upya.

Waaustralia walishika Caribou zao kuliko wengi, tangu 1964, Vietnam ikiwemo, hadi Novemba 2009. Miaka 45. Ndege ya mwisho ilirushwa hadi Canberra na kuwekwa katika makumbusho ya vita. Waliweza kwa sababu walikuwa na fedha, na kwa sababu kila fundi mzee aliyestaafu alikuwa amemwachia kijana viganja vyake. Nadhani la pili lilikuwa na uzito kuliko la kwanza. Kitabu cha matengenezo kitakwambia uzungushe pangaboi. Hakitakwambia oili inasikikaje mkononi.

Mwaka jana, wazee walipokuwa wameshaondoka na vikombe havijakusanywa, ndege ya Air Tanzania ilipita ikishuka kuelekea Songwe, ile Dash 8 yenye mapangaboi. Baba mkubwa haoni vizuri siku hizi. Aliinua kichwa, akasikiliza mluzi wa tabini hadi ndege ikapita juu ya mabati.

"Mkia ukoje?" akaniuliza.

Nikamwambia umeinuka juu, na ubao wa mlalo uko kwenye ncha kabisa, kama herufi T.

"De Havilland," akasema. Akanyoosha mkono kutafuta kikombe chake.